Faili limefunguka "Kichina"? Usisevu kwanza. Uzi maalumu wa ng’ombe na wenzake

FundiNyegezi:

Wakuu, salaam.

Juzi kati kaingia dada mmoja hapa steshenari kwangu Mwanza, flashi mkononi, macho mekundu. Ndani ya flashi kuna orodha ya wanafunzi 640, katumiwa kwa barua pepe atengeneze vitambulisho. Kalibofya faili mara mbili, likafunguka kwenye Excel, na kila jina la Kisukuma limeoza. Ng'washi kawa Ng’washi. Ng'wigulu kawa Ng’wigulu. Safu ya wilaya nayo: Nyang'hwale imekuwa Nyang’hwale. Kakesha akifuta moja moja kwa mkono, kafika jina la 90 akachoka. Mumewe kamwambia ni virusi, kompyuta ipigwe windo upya.

Kazi yenyewe ilinichukua dakika 4, na 3 kati ya hizo nilikuwa natafuta chaja.

Nimeona nilete uzi kwa sababu tatizo hili naliona karibu kila wiki, na kila wiki mtu anakuja akiwa tayari ameshaliharibu zaidi. Kwa hiyo kabla ya yote: ukifungua faili ukakuta vidudu, USISEVU. Funga bila kuhifadhi. Nakili faili la asili uliweke pembeni. Halafu rudi hapa usome.

Kompyuta haijui herufi, inajua namba tu. Chukulia namba za jezi. Nikikuambia "namba 10 kapiga shuti", lazima uwe na orodha ya kikosi ndipo ujue nani kapiga. Mimi nina orodha ya Simba, wewe umeshika ya Yanga. Namba ni ile ile, ila wewe unamtaja mtu mwingine kabisa. Faili ndiyo zile namba. Orodha ya kikosi ndiyo usimbaji, yaani kwenye menyu utaona neno "Encoding". Vidudu vinatokea pale mwandishi alipotumia orodha moja na msomaji kashika nyingine. Hakuna namba iliyopotea, na hakuna virusi.

Sasa Waswahili tuna msemo kwamba haya ni matatizo ya Wafaransa na Wajerumani wenye herufi za madoido, sisi a e i o u zetu hazina shida. Ni kweli nusu. Herufi zetu zote zimo kwenye ASCII, ile orodha ya zamani ya miaka ya 1960 yenye nafasi 128, na orodha karibu zote zilizokuja baadaye ziliiacha kama ilivyo. Ndiyo maana "kaka" na "dada" hawaozi popote. Tunakamatwa kwenye ng'. Ile ritifaa, kikoma cha juu, ukiipiga kwenye Word inajipinda yenyewe: unapiga ' iliyonyooka, Word inaweka ’ iliyojikunja ipendeze. Hiyo iliyojikunja haimo kwenye zile 128.

Tuiangalie kwa karibu. Kwenye UTF-8 kile kikoma kilichojikunja kinaandikwa kwa baiti 3 (baiti ndiyo ile namba moja ndani ya faili; UTF-8 ndiyo orodha kubwa ya siku hizi): E2, 80, 99. Excel ikifungua CSV (jedwali la maandishi matupu, kama lile la dada) kwa kubofywa mara mbili, na faili halina alama ya utambulisho mwanzoni, inashika orodha ya zamani ya Windows, ile ya 1252, ambayo kila baiti moja ni herufi moja. E2 kwenye orodha hiyo ni â. 80 ni €. 99 ni ™. Ziweke pamoja: ’. Basi, siri yote ndiyo hiyo. Ukiona ’ katikati ya neno, mbele yako kuna kikoma cha juu kilichosomwa na mtu asiye na orodha sahihi.

Dawa niliyompa yule dada: fungua Excel tupu kwanza, usibofye faili. Nenda "Data", kisha "From Text/CSV", chagua faili. Dirisha likija, pale juu kwenye "File Origin" chagua "65001: Unicode (UTF-8)". Utaona majina yanajinyoosha mbele ya macho yako kabla hata hujabonyeza kitu kingine. Alipiga kelele wateja wote wakageuka.

Wa LibreOffice mna raha zaidi, Calc inakuuliza kabisa kabla ya kufungua CSV: orodha gani? Watu wanabonyeza OK bila kusoma halafu wanalalamika.

Nyongeza kidogo: njia hiyo hiyo ya "Data" inakuwezesha kuiambia Excel kwamba safu ya simu ni maandishi. Ukibofya mara mbili, namba zote zinazoanza na 07 zinabaki 7, sifuri imekwenda. Hilo halina uhusiano na usimbaji ila linaua orodha zile zile, siku ile ile.

Karibuni kwa maswali.

kobe_mkimbizi:

Nafasi ya kwanza. Naweka kambi.

Zimwi la Data:

Mkuu mbona umezunguka sana. Si abonyeze Ctrl+H, atafute ’ abadilishe kwa ' yote kwa mpigo? Sekunde 10. Mambo ya 65001 ya nini.

FundiNyegezi:

Mkuu Zimwi, kwa kikoma kimoja uko sahihi, na mimi mwenyewe nimeshafanya hivyo nikiwa na haraka. Tatizo ni kwamba faili halisi huwa halina kidudu kimoja. Alama ya kufunga mnukuu iliyojikunja, ” , ni E2 80 9D. Hiyo 9D kwenye orodha ya 1252 haina mwenyewe, nafasi iko wazi. Kwa hiyo kwenye skrini unaona â€ na baada yake kitu kisichoonekana. Wewe unatafuta â€, unabadilisha, unadhani umemaliza. Kile kisichoonekana kimebaki ndani ya seli. Kesho unatafuta jina hulipati, na ukilitazama kwa macho liko sawasawa.

Tena ukianza kubadilisha â€ kabla ya ’ umekwisha: zile ™ zinabaki yatima mia sita.

Ctrl+H ni kufuta damu bila kufunga kidonda. Tumia ukiwa huna faili la asili.

Zimwi la Data:

Hapo kwa ™ yatima umenigusa. Ilishanitokea. Naomba tusiongee zaidi.

mwl_wa_kijijini:

Hamjambo. Nasoma nikiwa Kenya, nafundisha Mũrang'a. Jina la kaunti yetu ndilo linanitesa. Likitoka kwa mwenzangu likifika kwangu ni MÅ©rang’a. Nikimtumia orodha ya wazazi, kina Wambũi wanafika WambÅ©i, kina Njeri wako salama. Kikoma nimekielewa. Hizi Å© na Ä© je?

FundiNyegezi:

Mwalimu, ugonjwa ni ule ule. ũ kwenye UTF-8 ni baiti 2, C5 A9. Kwa msomaji wa 1252 hizo ni Å na ©. ĩ ni C4 A9, kwa hiyo Ä©. "Gĩkũyũ" likioza linakuwa GÄ©kÅ©yÅ©. Ukiona © imejazana kwenye orodha ya majina ya Kati ya Kenya au Ukambani, usiogope hati miliki, ni irabu zenu.

Ila nyinyi mna hatari moja ambayo sisi wa ng' hatuna. Ile orodha ya 1252 kikoma kilichojikunja inacho, kiko nafasi ya 92. ũ na ĩ haina kabisa. Kwa hiyo mtu akihifadhi faili lenu kama "ANSI" kwenye Notepad (ndilo jina la Notepad kwa orodha hiyo ya zamani), hakuna pa kuziweka; programu nyingine itaweka u na i tupu, nyingine itaweka alama ya kuuliza. Hapo hakuna orodha ya kikosi itakayokuokoa, mchezaji mwenyewe kaachwa nyumbani. Kwenu ANSI ni mwiko.

mwl_wa_kijijini:

Asante sana ndugu. Na kuna jambo la ajabu: nina orodha mbili, zote zinaonyesha "Mũrang'a" vizuri kabisa, lakini nikizilinganisha Excel inasema si sawa. Nimevaa miwani, nimevua miwani, naona ni sawa.

FundiNyegezi:

Hiyo nimeipenda. Kuna njia mbili halali za kuandika ũ. Moja ni herufi moja nzima. Nyingine ni u ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi kinachojipachika juu yake, herufi mbili zinazoonekana moja. Kwa jicho ni pacha, kwa kompyuta ni watu wawili. Utajua ukiziozesha: ya kwanza inatoa Å©, ya pili inatoa uÌƒ. Kwenye Excel jaribu kuhesabu urefu kwa LEN, utakuta moja inazidi.

Na angalia kikoma pia, mwalimu. Katika faili moja niliwahi kukuta ng' imeandikwa kwa namna 5: ', ’, ‘, ` na ´. Kila karani na kidole chake. Mwanafunzi mmoja akawa na rekodi mbili, moja ana alama za hisabati, nyingine hana.

BinadamuWaBukavu:

Jambo wakubwa. Mimi niko Bukavu, ofisi yetu inaandika Kifaransa na Kiswahili pamoja. Félicité anafika FÃ©licitÃ©, hilo tumeshalizoea, tunacheka tu. Lakini ile à ya Kifaransa inanishangaza: wakati mwingine inakuwa Ã peke yake, na tukitumia ile njia ya kurudisha inagoma hapo tu. Kwa nini?

FundiNyegezi:

Kaka karibu. à ni C3 A0. C3 inaonekana Ã. A0 ni nafasi tupu, ile nafasi isiyokatika mwisho wa mstari. Kwa hiyo Ã haiko peke yake, ina mwenzake asiyeonekana nyuma. Sasa mtu msafi wa ofisini anakuja "kusafisha nafasi za ziada", au anabadilisha zile nafasi ziwe za kawaida. Hapo A0 inakufa, na C3 peke yake haina maana yoyote kwenye UTF-8.

Ndiyo maana nasema usafi uje mwisho. Rudisha herufi kwanza, kata nafasi baadaye. Kwenye mafaili ambayo A0 imeshakufa, kila Ã inayofuatwa na nafasi ya kawaida uichukulie ni à, utapatia mara nyingi sana kwenye Kifaransa.

abu_maktub:

Assalaam alaykum. Mimi nipo Unguja, nakusanya mashairi na barua za wazee zilizoandikwa Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Kuna za kuchapwa kompyuta miaka ya nyuma, na nyingine mpya za jamaa yangu wa Muscat. Za jamaa zikiharibika zinatoka hivi: Ø³Ù„Ø§Ù…. Za zamani zinatoka hivi: ÓáÇã. Mtanikubalia kwamba hapa si namba za jezi tena, hapa uwanja wenyewe umeungua.

FundiNyegezi:

Waalaykum salaam sheikh. Uwanja mzima, na habari njema ni kwamba zote mbili ni neno lile lile: سلام. Tofauti ni orodha iliyoandikiwa.

Ukiona Ø na Ù zimepangana kila baada ya herufi moja, hiyo ni UTF-8 imesomwa kwa 1252. Kila herufi ya Kiarabu ina baiti 2, na za kwanza karibu zote ni D8 au D9, ambazo ndizo Ø na Ù. Ukiona Ó á Ç ã bila mpangilio huo, na idadi ya vidudu ni sawa na idadi ya herufi, hiyo ni Windows-1256, orodha ya Kiarabu ya enzi zile. Fungua kwa Notepad++, menyu ya "Encoding", shuka kwenye "Character sets", chagua Arabic, Windows-1256. Maandishi yakitulia, SASA chagua "Convert to UTF-8" halafu uhifadhi.

Hapo kuna mtego unaowaangusha wengi, naomba wote msome. Kwenye menyu ile, kuchagua tu orodha kunabadilisha miwani ya kusomea, baiti hazijaguswa. "Convert" ndiyo inaandika upya baiti. Miwani kwanza, kuandika baadaye. Ukifanya Convert ukiwa umevaa miwani isiyo yako, umeandika vidudu kwa wino wa kudumu.

Kwa za zamani, sheikh, chunguza herufi ya v. Ile fa yenye nukta tatu, ڤ, haimo kwenye 1256. Pa na cha zimo, va haimo. Kwa hiyo mchapaji wa zamani alilazimika kuweka fa tu. Hilo halirudi kwa kompyuta, linarudi kwa msomaji anayejua Kiswahili.

abu_maktub:

Allah akujaze kheri. Kweli, kuna shairi "vita" imekuwa "fita" tangu mwanzo hadi mwisho, tukadhani ni lahaja.

kobe_mkimbizi:

Nipo bado. Tuelezeni basi kwa nini watu husema "imekuwa Kichina" wakati hivi vidudu si Kichina.

FundiNyegezi:

Kichina chenyewe kipo pia. Notepad ya Windows XP ilikuwa inakisia orodha yenyewe. Ukiandika sentensi fupi ya Kiingereza yenye maneno 4, la kwanza herufi 4, la pili 3, la tatu 3, la mwisho 5, ukahifadhi, ukafungua tena, ilikuwa inadhani kila baiti 2 ni herufi moja, na unapata Kichina kitupu. Sentensi iliyovuma ilikuwa "Bush hid the facts" (Bush alificha ukweli), watu wakazusha kwamba ni siri za serikali ya Marekani. Walirekebisha kwenye Vista.

Siku hizi Notepad imetulia. Tangu toleo la Windows 10 la 1903, mwaka 2019, inahifadhi kwa UTF-8 bila kuulizwa. Na UTF-8 yenyewe, kwa wapenda historia, Ken Thompson na Rob Pike waliibuni Septemba 1992 wakiwa kwenye mgahawa New Jersey, wakichorachora kwenye karatasi ya kuwekea sahani. Walihakikisha zile 128 za zamani zinabaki vile vile. Ndiyo maana "kaka" na "dada" wanapona.

MamaVocha:

Samahanini wakaka, labda swali langu si mahali pake. Natuma meseji za jumla kwa wazazi wa kituo cha tuisheni. Meseji ya herufi 148, nimehesabu, chini ya 160. Mwezi uliopita salio limeisha katikati, mfumo unasema kila mzazi nimemtumia meseji 3. Nimegombana na wahudumu mpaka sauti imekauka. Ujumbe ulikuwa wa kawaida tu, wa mkutano na "ng’ombe wa mradi".

FundiNyegezi:

Dada, mahali pake ni hapa hapa! Uliandika kwenye Word au kwenye simu ya iPhone ukanakili?

MamaVocha:

Word. Umejuaje?

FundiNyegezi:

Huyo ng'ombe ndiye kala salio. Meseji ya simu ina orodha yake ndogo ambamo herufi 160 zinaingia kwenye meseji moja. Kikoma kilichonyooka kimo. Kilichojikunja hakimo. Ikikuta herufi MOJA isiyomo, meseji yote inahamishiwa kwenye orodha kubwa ambayo inabeba herufi 70 tu. Na ikizidi 70 inakatwa vipande vya 67, maana nafasi nyingine inaliwa na maelekezo ya kuviunganisha. 148 kwa 67: vipande viwili vinabeba 134, zimebaki 14, kipande cha tatu. Umelipia mara tatu kwa ajili ya mkunjo wa kikoma.

Kwenye Word zima kabisa: "File", "Options", "Proofing", "AutoCorrect Options", "AutoFormat As You Type", toa tiki ya kwanza ile ya alama za kunukuu. Kwa haraka, kikijikunja tu bonyeza Ctrl+Z mara moja, kinanyooka. Wa iPhone ni kwenye mipangilio ya kibodi, zima "Smart Punctuation". Na kabla ya kutuma, bandika ujumbe kwenye Notepad uangalie kikoma chako kwa macho.

MamaVocha:

Wazazi 312 mara 3. Ngoja nikae chini.

Zimwi la Data:

Pole dada. Ng'ombe wa mradi kweli kweli.

msukuma_kodi:

Mkuu, kwa sisi tunaoandika programu kwa Python. Nina maandishi mengi yameoza tayari na faili la asili halipo, mteja alishahifadhi kama xlsx.

FundiNyegezi:

Rudi nyuma njia aliyopita. Aliyeozesha alichukua baiti za UTF-8 akazisoma kwa 1252. Wewe geuza: andika kwa 1252, soma kwa UTF-8.

safi = bovu.encode('cp1252').decode('utf-8')

Mambo mawili. Python ni kali kwenye zile nafasi 5 zisizo na mwenyewe (81, 8D, 8F, 90, 9D), kwa hiyo ” itakurushia kosa. Maktaba ya ftfy inalijua hilo na inavumilia, isakinishe. Pili, fanya mstari kwa mstari, ndani ya try, usifanye faili zima. Faili la mteja huwa mchanganyiko: majina 500 yameoza, 40 mtu alishayarekebisha kwa mkono. Mstari uliopona ukiupitisha humo ama unabaki vile vile (kama una herufi za ASCII tu) ama unakataa, na ukikataa uache ulivyo. Ukiacha zile nafasi 5, kukataa kwake mara nyingi ndiko kunakokuambia kwamba ni mzima.

Ukikuta Ng’washi, hiyo imeozeshwa mara mbili. Kikoma kimoja, kikawa vidudu 3, vikawa 8. Pitisha mara mbili.

mizizi_ya_seva:

Naongezea upande wa MySQL, hifadhidata ya tovuti nyingi, maana hapo ndipo wengi wanapozikwa. Kile kinachoitwa "utf8" kwenye MySQL si UTF-8 nzima, kinabeba baiti 3 kwa herufi. Emoji nyingi zina 4. Kwenye mipangilio ya zamani maoni ya mteja yanakatika pale pale kwenye kiemoji, na kilichofuata kinapotea kimya kimya. Tumia utf8mb4, ipo tangu 5.5.3, na kwenye 8.0 ndiyo ya kawaida. Na hakikisha muunganisho wa programu yako nao unasema utf8mb4. Nimeona jedwali safi, ukurasa safi, ila bomba la katikati linaongea latin1 (jina la MySQL kwa ile 1252).

Kurudisha safu iliyooza:

CONVERT(CAST(CONVERT(jina USING latin1) AS BINARY) USING utf8mb4)

Anza na SELECT, uone kwa macho. Weka WHERE ya kuchuja yaliyooza tu, pamoja na COLLATE utf8mb4_bin ili Ã isihesabiwe sawa na a ya kawaida, jina LIKE '%â€%' au '%Ã%'. Mimi nilishaiendesha UPDATE kwenye jedwali zima saa 8 usiku, majina mazima yenye ’ yakageuka NULL. Bakapu ilikuwepo, ya wiki mbili nyuma. Sitaki kulizungumzia.

FundiNyegezi:

Mkuu umeandika kwa uchungu, tumeelewa.

pilipili_hoho:

Na PDF? Nikinakili maandishi inatoka takataka ingawa kwenye skrini inasomeka vizuri.

FundiNyegezi:

Hiyo ni kesi nyingine. Ndani ya PDF kama hiyo kuna picha za herufi bila jedwali la kusema hii picha ni herufi gani. Hakuna orodha ya kubadilisha. Ipige picha uisomeshe upya kwa programu kama Tesseract, Kiswahili kimo humo. Na ukiona vijisanduku □ badala ya herufi, hiyo ni fonti haina ile herufi, maandishi yako salama.

MamaJoji:

Fundi, nimesoma uzi wote nikapata moyo, kumbe mimi nimechelewa. Faili langu halina ’. Lina hivi: Ng?washi, Ng?ombe, Jos?. Faili la asili nilifuta, flashi ikaformatiwa.

FundiNyegezi:

Mama, hapo sikudanganyi. Alama ya kuuliza ni alama ya kuuliza kweli, baiti 3F, programu ilikosa pa kuiweka herufi ikaweka hiyo. Vivyo hivyo mwenye ile almasi nyeusi yenye kiulizo ndani, �: kama hujahifadhi, badilisha miwani itapona, ukihifadhi, imekwisha, na ukija kuifungua vibaya tena itakuonyesha ï¿½.

Ila Kiswahili kinakupa nafuu. Kati ya Ng na herufi inayofuata, kinachokaa hapo ni kikoma tu. Kwa hiyo badilisha "Ng?" kwa "Ng'" na "ng?" kwa "ng'". LAKINI SUBIRI. Ukifanya kwa Ctrl+H ya Excel, alama ya kuuliza kwake ni "herufi yoyote". Ukiandika Ng? itamkamata Ngassa, itamkamata Ngonyani, itakula kila mtu. Andika Ng~? pamoja na hiyo ~, na uwashe "Match case". Jos? peke yake sina dawa. Inaweza kuwa é, inaweza kuwa chochote. Hizo tafuta daftari la mahudhurio au mpigie mzazi.

MamaJoji:

Narudi kuripoti. Za Ng zimerudi zote, 187, hata Ngonyani amepona. Zilibaki 3. Mbili nimezipata kwenye daftari. Ya Jos? nimempigia baba yake. Amesema mtoto anaitwa Jose tu, hakujawahi kuwa na alama yoyote, na wanamtafuta huyo aliyeiweka.